Kuogelea baada ya upasuaji wa macho kwa leza: bwawani, Mtera na Matema

Kabla ya kupanga safari ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, hakikisha unajua ulifanyiwa upasuaji gani: LASIK, PRK au SMILE. Kama hukumbuki, angalia karatasi ulizopewa siku ya kuruhusiwa au mpigie daktari wako, kwa sababu tahadhari hazifanani.

Kwenye LASIK, kipande chembamba cha konea (tabaka angavu la mbele ya jicho), unene wake kama sehemu moja ya kumi ya milimita, hufunuliwa kama ukurasa kisha hurudishwa baada ya leza kumaliza kazi. Hakishonwi. Kingo zake hujifunga mapema, lakini kipande chenyewe hakishiki tena kwa nguvu ya awali, hata miaka ikipita. Kidole au kiwiko kikipiga jicho sawasawa kinaweza kukisogeza. PRK haina kipande hicho. Tabaka la juu la konea huondolewa, na jicho hufunikwa kwa lenzi laini kwa siku kadhaa hadi tabaka lirudi. Siku hizo mlango wa vijidudu uko wazi zaidi, ila jicho likishapona hakuna cha kusogea. SMILE hupitia mpasuo wa milimita chache tu.

Wiki ya kwanza hatari kubwa iko bafuni. Anayeoga kwa ndoo asijimwagie kopo kichwani: anza shingoni kushuka chini, na uso upanguse kwa kitambaa safi kilichokamuliwa, ukikwepa kope. Nywele akuoshe mtu mwingine, kichwa kikiwa kimelazwa nyuma kama saluni. Povu likiingia jichoni mkono huenda wenyewe kusugua, na kusugua ndiko kunakoharibu. Usiku vaa zile ngao za plastiki ulizopewa.

Bwawa la kuogelea lisubiri mwezi mmoja, na miwili ni bora zaidi. Wengi hudhani klorini inamaliza kila kitu. Haimalizi. Kuna amiba, kijidudu cha seli moja, aitwaye Acanthamoeba, anayeishi kwenye udongo, maziwa, mito na hata maji ya bomba. Akibanwa hujifungia ganda linalostahimili klorini. Akipata konea yenye jeraha huleta kidonda kinachotibiwa kwa miezi, na kovu lake linaweza kufuta faida yote ya upasuaji. Ziwa Nyasa, bwawa la Mtera na ziwa la Masoko hayatiwi dawa yoyote, kwa hiyo huko tunashauri miezi miwili kamili, hata kama kwenye bwawa la kuogelea ulisharuhusiwa. Maji ya Matema ni mang'avu, lakini ung'avu si usafi. Maporomoko kama Kaporogwe yatazame kwa mbali kipindi hicho. Maji yanayoanguka kutoka juu hupiga uso kwa nguvu.

Ukiruhusiwa, vaa miwani ya kuogelea kila mara. Ijaribu dukani bila mkanda: ibonyeze kidogo kwenye macho, uachie. Ikishika kwa sekunde chache, inakufaa. Ikidondoka papo hapo, maji yatapenya. Chagua kioo cha plastiki ngumu ya polikaboneti. Usikaze mkanda mno, na wakati wa kuvua usiivute mbele ikakuponyoka, maana itarudi na kugonga jicho. Inua mkanda kutoka kisogoni kwanza. Usiruke kutoka juu ukiwa umeivaa. Usizame nayo chini sana pia: haifuniki pua, hivyo huwezi kusawazisha hewa ndani yake, na shinikizo huvuta macho. Kuzama kunataka barakoa inayofunika pua, baada ya daktari kukubali. Mpira wa majini na kubanana kwenye mtumbwi, makasia yakipita usoni, ni hatari zaidi kwa mwenye LASIK.

Baridi ya Juni na Julai isikudanganye kuhusu jua. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno (UV) huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000. Aliyefanyiwa PRK avae miwani ya jua yenye alama ya UV400 kwa miezi kadhaa, kwani miale hiyo inaweza kuchangia ukungu kwenye konea. Upepo mkavu nao huchoma macho ambayo bado hayatoi machozi ya kutosha. Beba machozi bandia yasiyo na kihifadhi.

Maji yakiingia jichoni, fumba, usisugue, kisha suuza kwa machozi hayo hayo. Usitumie maji ya bomba, chai ya rangi wala maziwa ya mama. Maumivu, wekundu unaozidi, mwanga kuumiza au kuona ukungu ghafla ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usipitie duka la dawa kununua matone. Yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza wekundu huku maambukizi yakichimba. Nenda kliniki ya macho, mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na ukifika mapokezi taja aina ya upasuaji, tarehe yake, na maji gani yaliingia.