SOMO: Umri wa kufanyiwa upasuaji wa pua wa urembo (soma kwanza, ndipo uulize)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara sita, "Umri gani unafaa?" Naandika mara moja tu.

1. Bado unakua? Subiri. Pua ya msichana hukomaa kwenye miaka 15 au 16, ya mvulana 17 au 18.

2. Acha kujipima kwa selfie. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba kamera ikiwa sentimita 30 toka usoni, pua huonekana pana zaidi kwa karibu asilimia 30. Mpe mtu simu, asogee mita moja na nusu.

3. Umevuka 40? Hujachelewa, ila taja KILA dawa. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na miaka 47, nameza aspirini ndogo kila asubuhi. Nikaulizwa, "Unatumia dawa?" Nikajibu hapana, kwangu kidonge kile kilishakuwa kama chai. Usiku pua ikachuruzika, khanga nzima ikalowa, nikarudishwa hospitali alfajiri. Aspirini huzuia damu kuganda. Wala usiiache kimyakimya: aliyekuandikia na atakayekupasua wakubaliane. Presha, kisukari, sigara, vyote vitaje.

4. Baada ya upasuaji: plasta ngumu puani, kama wiki moja. Uvimbe wa ncha, hata mwaka.

MASWALI

— Umri gani unafaa?
Namba 1.

— Binti yangu ana 14, wanamcheka shuleni. Bei gani?
Mama, sijaandika bei popote. Ana 14. Rudi juu.

— Dada, mwanangu wa miaka 15 alipigwa mpira juzi hapa Igoma, Mwanza, pua imepinda. Naye asubiri 18?
Hapana kaka, asante kwa kuuliza. Hilo si urembo. Mfupa wa mtoto hushika haraka, hurudishwa ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Mpeleke leo kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando wapo. Akiwa ameziba pande zote mbili na ndani kumevimba, usingoje hata jioni: damu ikijikusanya pale huua gegedu, yaani mfupa laini wa pua.

— Miwani je?
Isikae puani wiki kadhaa. Mimi niliining'iniza kwa plasta kwenye paji la uso, wajukuu wakacheka wee.

— Eti harufu inapotea?
Kwa muda. Wiki tatu nilipita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, bila kusikia dagaa. Siku niliyoisikia nilinunua kisado kizima.