Anza kaligrafia ya Kichina kwa maji, wino baadaye

Ukitaka kujifunza kaligrafia ya Kichina, yaani sanaa ya kuandika kwa brashi, usikimbilie wino na karatasi ya xuan, ile laini ya jadi ya China. Karatasi hiyo hunywa wino papo hapo. Brashi ikisita kidogo tu, doa linatanuka, na hakuna kufuta. Tumia maji. Asubuhi kwenye bustani za Beijing utawakuta wazee wakiandika chini kwa brashi ndefu zilizochovywa maji, na maandishi hukauka yenyewe. Huko huitwa dishu. Nyumbani, sakafu ya saruji iliyo laini inatosha kabisa.

Kwa siku za mwanzo shikilia herufi moja: 永, yong, yaani milele. Walimu wa China wameitumia kwa karne nyingi kwa sababu imebeba aina zote nane za mistari ya msingi, kuanzia nukta ya juu hadi mkia wa kulia unaokandamizwa kisha kuachiwa taratibu. Tena ndiyo herufi ya kwanza katika Lantingji Xu, dibaji iliyoandikwa mwaka 353 na bingwa wa kaligrafia Wang Xizhi, kazi inayoheshimiwa mno katika sanaa hii. Humo herufi 之, zhi, inajirudia mara 20 hivi, na kila mara ameipa umbo jingine! Zitazame zote kabla ya kujiona umemaliza yong. Kwa Wachina, mwandiko humwonyesha mtu mwenyewe.

Shika brashi wima, inua kiwiko kisiguse chochote, na ufuate mpangilio wa mistari bila kuruka. Nukta kwanza.