Jinsi ya Kudumisha Muunganisho wa Vifaa vya Matawini na Seva Kuu kwa WireGuard

Kompyuta ndogo ya Linux inayopata intaneti kwa modemu ya laini ya simu huwa nyuma ya NAT ya kampuni ya simu, yaani mfumo unaofanya vifaa vingi vitumie anwani moja ya intaneti, mara nyingi ikiwa na anwani iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255. Seva haiwezi kuifikia kwanza, kwa hiyo kifaa chenyewe ndicho kinachopaswa kuanzisha mawasiliano na kuyadumisha, hapa kwa WireGuard, programu ya VPN inayounda njia salama kati ya kompyuta kupitia intaneti.

Hatua ya 1. Kwenye seva, fungua poti 51820 ya UDP (utaratibu wa kutuma pakiti ambao WireGuard huutumia), kisha upe kila kifaa ufunguo wake na anwani moja tu ya ndani, yaani /32. Vifaa viwili vikitumia ufunguo mmoja vitanyang'anyana muunganisho kutwa nzima.

Hatua ya 2. Kwenye kifaa, fungua faili la /etc/wireguard/wg0.conf na uongeze chini ya [Peer]:

PersistentKeepalive = 25

Baadhi ya NAT hufuta njia ya UDP iliyokaa kimya kwa sekunde 30, na pakiti tupu inayotumwa kila sekunde 25 huzuia jambo hilo. Wanaohofia bando watulie, kwani pakiti hizo 3,456 za siku nzima hazifikishi hata megabaiti 1.

Hatua ya 3. Washa huduma ili ijianzishe kila kifaa kinapowaka:

systemctl enable --now wg-quick@wg0

Hatua ya 4. Shughulikia saa, jambo ambalo wengi hulisahau. Kifaa kisicho na betri ya saa, kama Raspberry Pi 4, huamka na saa iliyo nyuma umeme unaporudi. Na kwa kuwa seva hukataa ombi la kuunganishwa lenye muda wa nyuma kuliko la mwisho ililolipokea kutoka kwa kifaa hicho, muunganisho hugoma bila ujumbe wowote wa kosa. Hakikisha kifaa kinasahihisha saa kwa NTP (huduma ya kupata saa sahihi mtandaoni) kupitia intaneti ya kawaida, kamwe si kupitia WireGuard yenyewe, la sivyo kila kimoja kitamsubiri mwenzake.

Hatua ya 5. Kagua kutoka kwenye seva:

wg show wg0 latest-handshakes

Namba inayotokea kwa kila kifaa ni wakati kilipounganishwa na seva mara ya mwisho (handshake), kwa sekunde tangu mwaka 1970, na 0 maana yake kifaa hakijawahi kuunganishwa. Tofauti na saa ya sasa ikizidi sekunde 180 kwa muda, hesabu kwamba kifaa kimekatika. Vikikatika vyote kwa pamoja baada ya seva kubadilishiwa anwani, anzisha upya wg-quick kwenye kila kifaa, kwa sababu WireGuard hutafuta anwani ya jina la seva mara moja tu, inapowashwa.