Kabureta ya Volkswagen Beetle ya zamani inavuja petroli, anzia hapa

Kwanza kabisa zima gari ipoe, chomoa betri (ipo chini ya siti ya nyuma) na sigara weka mbali jamani. Tenki la Beetle liko mbele na limekaa juu kuliko kabureta, so ukichomoa tu mpira wa petroli inaendelea kumwagika, ubane au uzibe na bolti.

Sasa angalia inavujia wapi. Kama ni kwenye kale kabomba ka shaba petroli inapoingilia, katikise kwa mkono, kakicheza usiwashe hiyo gari, kakichomoka petroli inamwagikia injini ya moto na Beetle nyingi zimeungua hivyo hivyo.

Kama imejaa hadi inafurika kwa juu basi ni floti (boya linaloelea kwenye petroli) au sindano (vali inayofunga petroli isiingie zaidi). Fungua skrubu 5 za kifuniko cha Solex (ndiyo kabureta yenyewe), inua taratibu gasketi isichanike, toa floti uitikise sikioni, ukisikia petroli ndani imetoboka, nunua nyingine. Sindano imefungwa kwenye hicho kifuniko, spana 14. Geuza kifuniko juu chini sindano ijifunge kwa uzito wake, puliza pale pa kuingilia petroli, upepo ukipita badilisha sindano, ila washa yake (kile kipete cha chini yake) iwe na unene uleule maana ndiyo inapanga levo ya petroli.

Gasketi mpya, skrubu kaza kwa zamu bila nguvu nyingi, metali laini hiyo.

Halafu chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) uinuse. Ikinuka petroli, ujue imeingia kwenye oili, mwaga oili yote uweke mpya.