Machweo Forodhani: namna ya kulifanya anga kuwa picha yenyewe

Anayelilenga jua tu hurudi na duara jeupe lililoungua na bahari nyeusi chini yake. Rangi haiko kwenye jua, iko kwenye anga linalolizunguka. Hilo ndilo la kupimiwa mwanga na kupewa nafasi kwenye fremu. Tunachukua mfano wa Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako majahazi na ngalawa hupita mbele ya jua linalotua.

Hatua ya 1: Soma mawingu mapema

Tazama juu kuanzia saa 10 jioni. Yanayotakiwa ni mawingu ya juu, membamba kama pamba iliyochambuliwa, yaliyofunika kama nusu ya anga, huku magharibi chini kabisa pakiwa wazi. Jua likishashuka, mwanga wake hupita kwenye uwazi huo na kuyapiga mawingu kutoka chini. Wingu zito likiwa limekaa juu ya maji upande wa magharibi, mlango huo umefungwa na rangi haitatoka, hata kama juu kunapendeza. Anga likiwa tupu kabisa, usilipe nafasi kubwa. Vuta jahazi au ngalawa karibu kwa lenzi ndefu.

Zanzibar jua hutua kati ya saa 12:10 na 12:50 jioni kutegemea mwezi. Mahali linapotua nako huhama: Juni huwa kama digrii 23 kaskazini ya magharibi, Desemba kiasi hichohicho kusini yake. Sehemu uliyosimama mwezi wa sita haitakupa picha ileile mwezi wa kumi na mbili. Fika dakika 45 kabla.

Hatua ya 2: Andaa kamera

Futa lenzi kwa kitambaa laini kikavu, kwa sababu upepo wa bahari huacha utando wa chumvi, na jua likiingia kwenye fremu utando huo hugeuka ukungu mweupe. Weka faili la RAW (lenye data yote ya sensa, kabla kamera haijaibana), ISO 100 (wepesi wa sensa kuona mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi). Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua, si otomatiki. Otomatiki huuona wekundu wa jioni kuwa kasoro na kuusahihisha, ndiyo maana picha nyingi za machweo hutoka zimepauka.

Usichungulie jua kupitia kitundu cha kioo cha kamera, hasa kwa lenzi ndefu. Unaweza kuharibu jicho. Tumia skrini.

Hatua ya 3: Pima mwanga wa anga

Hapa ndipo picha inapopatikana au kupotea. Geuza kamera pembeni hadi jua litoke kwenye fremu, lenga sehemu ya anga yenye rangi ya kati, isiwe ile inayong'aa zaidi wala iliyo giza. Soma mwanga hapo, uweke kwa mkono, kisha rudi kwenye fremu yako. Jua likiwa juu kidogo tu ya maji, spidi ya shata ya 1/500 ya sekunde ni pa kuanzia. Kagua histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye skrini, giza kushoto na weupe kulia: mlima wake usiegemee ukuta wa kulia. Duara la jua lenyewe likiungua, liache. Mawingu yakiungua, ongeza spidi ya shata. Giza la RAW linaweza kuinuliwa baadaye, lakini wingu lililoungua halina kitu ndani cha kurudisha.

Kupiga picha tatu za mwanga tofauti na kuziunganisha kunafaa kwa jengo. Kwa jahazi linalotembea hakufai: tanga hutokea mara tatu, kila moja pembeni ya mwenzake. Piga moja, iliyopimwa vizuri.

Kwenye simu, bonyeza anga na ushikilie mpaka mwanga ufungwe, kisha teremsha alama ya jua kwa kidole hadi rangi zikolee. Zima HDR (hali ya simu inayounganisha picha za mwanga tofauti) ukitaka chombo kibaki cheusi. Ikiwashwa hugeuka kijivu na umbo hufifia.

Hatua ya 4: Panga fremu

Mstari wa maji uweke chini, moja ya tano ya fremu kutoka ukingo wa chini, na uwe umenyooka. Bahari iliyoinama hata digrii moja huonekana mara moja. Subiri jahazi ligeuke ubavu, tanga lionekane pembetatu kamili na foromali (mti unaoshika tanga) ikitengana na mlingoti. Likija moja kwa moja kwako, hubaki fimbo nyeusi tu. Liachie nafasi mbele, na usiruhusu vyombo viwili vipandane. Umbo la kila kimoja hupotea.

Hatua ya 5: Usiondoke jua likizama

Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, na mwanga wa kutosha hudumu kama dakika 20 hivi baada ya kuzama. Mara nyingi mawingu ya juu hushika wekundu ndani ya dakika hizo, watu wakiwa wamekwisha kugeukia urojo na mishikaki. Mwanga huanguka haraka, kwa hiyo pima upya kila baada ya dakika mbili. Spidi ikishuka chini ya 1/60, panda ISO 400 au 800 kwa chombo kinachotembea. Tripodi hutuliza kamera, haitulizi ngalawa.

Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao na kukoleza anga, iache mfukoni. Nguvu yake iko digrii 90 kutoka kwenye jua. Ukilielekea, inakupunguzia mwanga bila kukupa chochote.

Hatua ya 6: Kusafisha

Kuza picha hadi asilimia 100 na upite anga lote. Vumbi la sensa huonekana kama vidoa vya kijivu, zaidi ukiwa umepiga kwa tundu dogo kama f/16. Vifute kimoja kimoja. Usivute rangi kupita kiasi kwenye JPEG (faili la picha lililobanwa), maana anga litakatika mistari mistari badala ya kufifia taratibu. Rekebisha kwenye RAW, JPEG itoke mwisho.