Maji ya bomba Chicago kwa familia yenye watoto wadogo: hatua za kufuata tangu siku ya kuhamia

Mzazi anayewasili Chicago kutoka Kigoma, Bujumbura au Uvira huja na desturi njema ya kuchemsha maji ya mtoto, kwa kuwa kule alikotoka aliogopa kipindupindu na homa ya matumbo, na moto huviua vijidudu vya maradhi hayo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii ninayezitembelea familia zinazohamia jijini humu, na katika kila nyumba nasisitiza kwamba hatari ya hapa ni ya namna nyingine. Maji ya Ziwa Michigan husafishwa na kutiwa klorini kabla ya kusambazwa, lakini yanapopita kwenye mabomba ya zamani yanaweza kuchukua madini ya risasi (kwa Kiingereza “lead”), ambayo hudhuru ubongo wa mtoto na hayana kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Kuchemsha hakuyaondoi: maji hupungua kwa mvuke, risasi yote ikabaki sufuriani, na kile kinachosalia kikawa kibaya zaidi.

Hatua ya kwanza ni kulitambua bomba linaloleta maji ndani ya nyumba. Chicago iliendelea kutumia mabomba ya risasi hadi sheria ya Marekani ilipoyapiga marufuku mwaka 1986, na inakadiriwa kwamba takribani 400,000 bado yamo ardhini, idadi isiyofikiwa na mji mwingine wowote nchini. Nyumba za familia moja au mbili zilizojengwa kabla ya mwaka huo ndizo za kutiliwa shaka zaidi. Majengo makubwa ya ghorofa kwa kawaida huwa na bomba kuu pana ambalo halikutengenezwa kwa risasi, ingawa maungio ya ndani yanaweza kuwa nayo. Mwombe mwenye nyumba akuonyeshe mahali bomba linapoingilia, mara nyingi chini ya nyumba karibu na mita, kisha ulikwaruze taratibu kwa sarafu. Risasi ni laini, ina rangi ya kijivu iliyofifia, hung'aa kama fedha inapokwaruzwa, na sumaku hainati juu yake. Shaba ina rangi nyekundunyekundu, na chuma hunasa sumaku.

Ukiona dalili hizo, au ukishindwa kulifikia bomba, nunua chujio siku hiyohiyo bila kusubiri majibu ya vipimo, kwa maana mtoto anakunywa leo. Soma maandishi ya kwenye boksi kwa makini: tafuta alama ya NSF/ANSI 53, yaani kiwango cha ubora cha Marekani, pamoja na maelezo kwamba chujio limethibitishwa kuondoa risasi, kwa sababu machujio mengi ya bei nafuu yana alama ya 42 pekee, inayohusu ladha na harufu ya klorini. Badilisha kichujio cha ndani kwa wakati uliotajwa, na usipitishe maji ya moto ndani yake. Mtoto anayetumia maziwa ya kopo ndiye wa kulindwa kwanza, kwa kuwa karibu chakula chake chote ni maji; mchanganyie kwa maji yaliyochujwa au ya chupa. Uji, ugali na chai vipikwe kwa maji ya baridi yaliyochujwa, kamwe si kwa maji ya moto ya bombani, kwa kuwa joto huyeyusha risasi kwa wepesi. Kuoga hakuna shida, kwa sababu risasi ya majini haipenyi ngozi. Muhimu ni mtoto asiyanywe maji ya kuogea.

Kila asubuhi, au wakati wowote maji yakiwa yametulia bombani kwa saa 6 au zaidi, yafungulie ya baridi kwa dakika 5 kabla ya kuyatumia jikoni. Aliyezoea kuteka maji kwa ndoo huumia kuyaona yakimwagika, nami namwelewa; aanze basi kwa kuoga au kufua, kwani maji hayo nayo husafisha njia. Fungua pia wavu mdogo ulio kwenye ncha ya bomba na uuoshe mara kwa mara, kwa sababu chembe za risasi hukwama hapo.

Kisha piga simu 311, namba ya huduma za jiji, uombe chupa za kupimia maji, ambazo jiji hutoa bure, na ufuate maelekezo yake hatua kwa hatua.

Hatimaye mpeleke mtoto apimwe risasi kwenye damu, hata kama anacheza vizuri, kwa sababu mara nyingi dalili hazionekani. Tangu mwaka 2021, kiwango ambacho mtoto akikifikia hufuatiliwa nchini Marekani ni mikrogramu 3.5 za risasi kwa desilita moja ya damu. Watoto wakimbizi hupimwa wanapowasili, na wenye umri wa miaka 6 au chini yake hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6, wakati ambapo wameshaishi katika nyumba mpya. Kipimo hicho cha pili ndicho wazazi wengi hukiacha. Kiombe miadi yake kabla hujaondoka kliniki siku ya kipimo cha kwanza.