Maswali kumi ya kliniki: usiyajibu kama salamu

Umempeleka mtoto kliniki ya mwezi mmoja huku Marekani, akili yako iko kwenye mizani na chanjo. Mara muuguzi anakupa karatasi, na anayeulizwa hali ni wewe. Katika siku 7 zilizopita umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umelia? Hicho ni kipimo cha Edinburgh cha sonona (huzuni nzito isiyoondoka) ya baada ya kujifungua, kilichotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987. Kliniki za watoto zinashauriwa kukitoa mtoto akiwa na mwezi 1, 2, 4 na 6, kwa hiyo utakutana nacho tena.

Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" hata homa ikiwa imetupanda. Nami nilijibu hivyo. Usiku uliotangulia nililia bafuni hadi alfajiri, asubuhi nikaweka alama kwenye majibu ya mtu asiye na shida yoyote. Nikapongezwa, nikarudi nyumbani na mzigo wangu.

Soma kila jibu, maana mpangilio hugeuka: katika maswali saba, jibu la juu ndilo zito, yaani lenye alama nyingi. Kila swali lina alama 0 hadi 3. Ukifika 10 au zaidi, kwa kawaida watataka mzungumze. Alama hizo pekee si ugonjwa, wala hazimnyang'anyi mtu mtoto wake. Swali la mwisho linahusu kujidhuru. Hilo, dada yangu, usilifiche hata kidogo.

Kiingereza kikikupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kisheria kukupatia bila malipo. Ukitoka Goma au Bukavu, sema unataka wa Kiswahili cha Kongo. Mume, wifi au mwanao mkubwa asikutafsirie: utayameza yale yale uliyokuja kuyasema.

Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida. Yakipita wiki mbili, usingoje kliniki ijayo, hasa huku ambako hakuna shangazi wa kukukanda maji moto wala wa kushika mtoto ulale, na baba amesharudi zamu ya usiku. Piga 1-833-852-6262, simu ya taifa ya msaada wa afya ya akili kwa kina mama, saa yoyote, bure, uombe mkalimani.

Nanyi kina baba: mzazi akisikia sauti zisizokuwepo, au akakesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu huku maneno yake hayaeleweki, msimwache peke yake na mtoto. Pigeni 911, namba ya dharura, usiku huo huo.